Matanga ya Aliye Hai

Mimi si msomi. Niliishia darasa la saba, Tanga, na miaka yangu ya kwanza huku Uingereza nilibeba boksi. Wenzangu hulitumia neno hilo kwa mzaha, kwa kazi yoyote ya sulubu ughaibuni. Kwangu yalikuwa maboksi kweli, ghalani Hayes, karibu na uwanja wa ndege. Kwa hiyo mtu akinikuta natoa maoni juu ya vitabu, tena vitabu vya Wayahudi, ana haki ya kuniuliza, wewe nani? Hata mimi najiuliza. Ninalojua ni kwamba nimevisoma, kwa sauti, jalada hadi jalada, mbele ya mtu aliyenikatiza kila nilipokosea.

Mtu huyo namwita Bibi, naye analipenda jina hilo kuliko yale mengine anayoitwa na wauguzi. Anakaa ghorofa ya kwanza, mwendo wa miguu tu kutoka chumba changu cha kupanga Kilburn. Alikuwa mwalimu wa watu wazima, na kwa miaka mingi aliandika uhakiki wa vitabu katika gazeti la Wayahudi wenzake. Sasa macho yake yameharibika katikati. Pembeni anaona, mbele ni kiza, kwa hiyo akitaka kuuona uso wako anatazama sikio lako. Mimi nimeajiriwa kumwogesha, kumpa dawa na kumpikia. Kusoma hakumo kwenye mkataba, kulijiingiza kwenyewe.

Mwanzoni nilijaribu kukwepa. Nikamwambia, "Bibi, siku hizi kuna mashine zinasoma vitabu. Zinatamka vizuri kuliko mimi."

"Zinatamka vizuri sana," akasema. "Lakini hazibishani."

Ndipo akanieleza. Kwao, vijana wa kiume waliosomea dini hawakusoma peke yao. Walikaa wawili wawili, kitabu katikati, na kazi ya mmoja ilikuwa kumpinga mwenzake mpaka maana itoke. Yeye alipokuwa msichana mlango huo ulikuwa umefungwa. Alipokua akaifanya kazi ileile kwa riwaya, na marehemu rafiki yake, na sasa ilikuwa zamu yangu. Taabu ni kwamba mimi nimelelewa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, mwalimu anasema nanyi mnafuatisha, na kumpinga mtu mwenye umri wa bibi yako ni kukosa adabu. Ilinichukua miezi kuweza kusema "hapana, Bibi" bila moyo kudunda. Siku niliyosema, alipiga meza kwa furaha, chai ikamwagika.

Vitabu vipya vilikuwa havikauki. Wachapishaji bado walimkumbuka, na kila kifurushi kilipofika alikinusa kwanza. Kimoja kilihusu ndugu wawili waliogombea kiti cha marehemu baba yao kwenye sinagogi, kurasa zote zile kiti tu, na nilicheka mpaka nikashindwa kusoma, maana ndugu hao nawajua, nimewaona wakigombea nafasi ya safu ya mbele msikitini. Kingine kilikuwa cha mwanamke anayengoja karatasi ya talaka kutoka kwa mume aliyehamia nchi nyingine na hataki kuitoa. Hicho sikucheka. Na vilikuja vingi vya wajukuu: mjukuu anapanda darini, anakuta sanduku, sandukuni kuna picha za ndugu waliouawa Ulaya.

"Wajukuu wote wa London wamegundua sanduku," Bibi akasema siku moja. "Hivi ni lazima kila nyumba iwe na dari?"

"Hapana, Bibi. Kama sanduku limo kweli, alifanyeje? Alirudishe?"

"Aandike kuhusu yeye aliyelifungua. Picha hazina shida, picha zimetulia. Mwenye shida ni yeye."

Sikukubaliana naye, na bado sikubaliani sana. Lakini nakiri kwamba tangu siku hiyo, nikisoma vitabu hivyo, macho yangu yanamtafuta yule aliyeshika sanduku.

Sisemi kwamba mambo yote yalikuwa ya kucheka. Vita vya huko mbali vilikuwa kwenye televisheni kila jioni, na mimi nina moyo wangu na Bibi ana wake. Tulibishana mara moja, tukabishana kweli, chai ikapoa. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Kesho yake nilimwogesha kimya, nikamfunga vifungo, akasema, "Tulifika ukurasa wa ngapi?" Nikafungua kitabu. Sijui kama tulifanya vyema au tulikwepa.

Basi, kikaja kifurushi cha mwaka huu, na humo kitabu cha mjukuu wake.

Hapa nieleze vizuri. Bibi alizaa watoto wawili, binti na mtoto wa kiume. Binti aliolewa na mtu asiye Myahudi. Nilikuwa najua kwamba palitokea ugomvi, kwamba binti alihamia mbali, kwamba amekufa kwa maradhi miaka michache tu iliyopita bila wao kupatana. Baada ya mazishi ndipo mjukuu, mwanamke mzima sasa, alipokuja kugonga mlango wa Bibi. Tangu siku hiyo huja kila wiki akiweza. Akiingia, Bibi hubadilika sauti. Nimemwona akijipaka poda kwa kupapasa, yeye asiyeona kioo, kwa sababu tu mjukuu anakuja. Bibi mwenyewe aliwahi kuniambia, nikiwa nampaka mafuta miguuni, "Huyu nimepewa bure. Sistahili, lakini sirudishi."

Kitabu kilikuwa kumbukumbu za mama yake. Jalada lilisema hivyo, kumbukumbu za kweli. Jioni maalumu ya kukizindua ilikwishapangwa katika ukumbi wa sinagogi, na Bibi alikwishachagua nguo ya kuvaa.

Mimi nina desturi ya kusoma mapema kurasa za kesho, nikiwa kwenye basi, ili nisijikwae kwenye maneno magumu. Nikafika sura ya nne, na sikushuka kituo changu. Sura hiyo ilieleza ndoa. Baba wa binti, yaani mume wa Bibi, aliposikia, alichana kola ya shati lake kama afanyavyo Myahudi aliyefiwa. Vioo vya nyumba vikafunikwa mashuka. Wakaletwa vigoda, wakakaa chini siku saba, majirani wakaja kutoa pole. Walimwekea binti yao matanga naye yu hai, yuko upande wa pili wa jiji, amevaa pete.

Kwetu pia wapo akina baba wanaosema "huyo si mwanangu tena." Nimewasikia kwa masikio yangu. Lakini msiba wa mtu anayepumua, na watu kuja kuhani, hilo sikuwahi kulisikia, nikafunga kitabu. Tena nisiwaonee: baadaye Bibi aliniambia kwamba hata miaka ile wengi walikuwa wameshaacha kufanya hivyo, na rabi wao mwenyewe alimkataza mumewe. Mumewe hakusikia. Na kwa sheria yao mtoto hufuata mama: mama akiwa Myahudi, mtoto ni Myahudi. Kwa hiyo binti alizikwa bila kufa, lakini mtoto aliyemzaa akabaki wao kabisa. Nililifikiria jambo hilo sana, na sikufika mahali.

Jioni ileile mwanawe Bibi akanipigia simu. Ni mtu wa umri wa kustaafu, mpole, hanisumbui na kazi. "Nakuomba kitu," akasema. "Sura ya nne, iruke. Mwambie kuna kurasa zimechapwa vibaya. Mama ana miaka tisini."

"Lakini kwenye uzinduzi si watasoma?"

"Nitaongea na mpwa wangu achague sura nyingine. Tafadhali."

Nikamwambia nitafikiri. Nina shoga yangu Mkenya, anafanya kazi dukani Hounslow, kwake ndiko mimi hupeleka mizigo ya namna hii. Nikampigia, sikutaja mtu.

"Si uruke tu!" akasema. "Kwani huyo nyanya ataona? Wewe siku hizi unajifanya headmistress wa vitabu vya watu. Soma, lipwa, enda nyumbani."

"Kumsitiri mzee nakuelewa. Lakini watu mia wakijua jambo lake na yeye hajui, hiyo ni sitara?"

"Aki wewe, umeanza kubishana kama hao hao," akasema, tukacheka, lakini tatizo likabaki palepale.

Kwa mila niliyolelewa, kumsitiri mkubwa wako ni heshima. Kwa mila aliyonifundisha Bibi, kumrukia ukurasa ni kumtoa kwenye chumba. Nilisimama katikati. Mwishoni kilichoamua ni kitu kidogo, na si lazima kiwe sahihi: nilijiona mimi ndiye nimekaa ukumbini, watu wananitazama kwa huruma, na mimi sijui wananihurumia nini.

Nikasoma. Nilisoma kola iliyochanwa na vioo na vigoda. Bibi hakusogea. Kisha nikafika pale mjukuu anapoandika kwamba siku ya tatu ya matanga, mjomba wake, wakati huo mvulana wa shule, alitoka nyumbani kwa siri, akaingia kibanda cha simu, akampigia dada yake. Dada akauliza, mama anafanyaje? Mvulana akajibu, mama analia, hajala tangu juzi, analitaja jina lako. Na mjukuu anaandika kwamba mama yake alilishika neno hilo maisha yake yote. Kila mwaka siku ya kuzaliwa alimwambia mtoto wake: bibi yako alinililia.

Nikaweka kidole kwenye mstari.

"Rudia," Bibi akasema.

Nikarudia tangu kibanda cha simu.

"Sikulia," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Nilikuwa na hasira kama tanuri. Na nilikula. Majirani huleta mayai kwenye matanga yetu. Niliyala yote."

Nikamwuliza kama alilia baadaye.

"Baadaye ni kitabu kingine," akasema. "Mwite mwanangu."

Alikuja Jumapili, na mkate wa kusuka mkononi. Nilitaka kuwaachia nafasi, Bibi akanishika mkono nikae. Mwanawe aliniangalia mara moja, akajua kwamba sikuruka. Hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi.

"Ulikuwa na umri gani?" Bibi akamwuliza.

"Kumi na tano."

"Ulipigia wapi?"

"Kibanda cha kona, kwenye duka la samaki."

"Ukasema nalia."

"Nikasema unalia."

"Na sikula."

"Mama, aliniuliza unafanyaje! Ningemwambia nini? Mama hajambo, anakula mayai?"

Bibi alitoa sauti ambayo mpaka leo siwezi kuapa kama ilikuwa kicheko. Kisha akasema, "Nimewachana waandishi vipande kwa machozi machache kuliko hayo. Maisha yangu yote. Pale juu ya jalada pameandikwa kweli. Atasimama mbele ya watu na kunisifu kwa kitu ambacho sikufanya, nami nikae nimevaa nguo nzuri?"

"Dada alikufa na machozi hayo mkononi," mwanawe akasema. "Ni hayo tu aliyokuwa nayo kutoka nyumba hii. Alimwachia mtoto. Ukiyakana, mtoto anabaki na nini? Na wewe utabaki na nani?"

"Kwa hiyo unaniomba nilie leo."

"Nakuomba unyamaze tu, Mama."

Bibi akageuza uso, akalitazama sikio langu. "Na wewe? Bishana."

Nikajitahidi. Nikasema mjukuu hakudanganya, kaandika alichoambiwa na mama yake. Na mama yake hakudanganya, alisema alichoambiwa na ndugu. Ndugu ndiye aliyedanganya, lakini alikuwa mtoto, tena hakujipatia chochote. Na Bibi akisema kweli, atakuwa amesema kweli, ila atakayeumia ni yule ambaye hakumkosea mtu yeyote.

"Hilo si jibu," akasema. "Hiyo ni hukumu ya hakimu anayeziogopa pande zote."

Ni kweli. Nikaenda kuchemsha maji.

Wiki ile hatukusoma kitu. Alikuwa akikaa dirishani, na mimi nikimsuka nywele naona midomo yake ikipangapanga maneno. Nilielewa kwamba anatunga la kusema ukumbini, kama alivyokuwa akitunga uhakiki. Nilikuwa naogopa. Nilimwazia mjukuu amesimama, mamia ya macho juu yake, na bibi yake aliyemngoja miaka arobaini anainuka kusema: sikumlilia mama yako. Asingerudi tena. Nani angerudi?

Kuhusu mjomba kumwomba mpwa wake achague sura nyingine, alimwomba. Mjukuu akakataa, akasema hiyo ndiyo sura aliyoiandikia kitabu kizima.

Mlangoni mwa ukumbi palikuwa na walinzi. Walipekua mkoba wangu, wakapekua na wa Bibi vilevile. Lazima niseme hivyo, ili mtu asidhani ni kwa sababu ya mtandio wangu. Ndani viti vilijaa. Kina mama wawili mbele yetu walikuwa wakibishana kama riwaya ya kwanza ya mtu fulani ilistahili tuzo, mmoja akimwambia mwenzake, "Wewe ulipenda kwa sababu ni fupi." Mwanawe Bibi alikaa kushoto kwake, mimi kulia.

Mjukuu akasoma sura ya nne. Anasoma vizuri, polepole, bila kujionyesha. Alipofika kwenye kibanda cha simu ukumbi ulinyamaza hadi nikasikia bomba la joto likigonga ukutani. Alipomaliza watu walijifuta macho. Kisha akasema kwamba aliyelia siku hizo yumo humu ndani, na kama angependa kusema neno, ukumbi ni wake. Mtu akaleta kipaza sauti.

Bibi akasimama. Nilimshika kiwiko, nikasikia mapigo yake. Mwanawe alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu.

Nilijua maneno aliyoyapanga yapo, yamekaa mdomoni.

"Mwanangu huyu," akasema, akapapasa hewani mpaka mkono wake ukakuta kichwa cha mwanawe chenye mvi, "alikuwa mtoto mwema."

Akampa mtu kipaza sauti, akakaa.

Watu wakapiga makofi. Mjukuu alimtumia mjomba wake busu kwa kiganja, maana aliona mjomba amesifiwa kwa ile simu. Mwanawe Bibi hakuinua uso. Nilimtazama Bibi nikitafuta dalili kwamba amepumua, kwamba mzigo umetua, na sikuiona. Alionekana kama mtu aliyemaliza kulipa kodi ya nyumba ya mtu mwingine. Ninajua alivyowahukumu waandishi walionyamaza palipotakiwa kusemwa. Jioni ile alijiweka pamoja nao. Wala hakusema uongo hata neno moja, nilijaribu kuutafuta.

Baada ya hapo watu walisimama na glasi za divai tamu. Nilikuwa nakusanya vitu vya Bibi mjukuu aliponifuata. Alikuwa amechoka, wanja umemchuruzika kidogo. Alinishika mikono yote miwili.

"Ni wewe uliyemsomea?"

"Mimi."

"Sura ile pia?"

"Yote."

Akasogea karibu, akashusha sauti, kama mtoto anayeuliza kitu alichokatazwa. "Alilia?"

Nasema haki ya Mungu, nilifikiria kila njia. Nilifikiria mayai. Nilifikiria kwamba mimi si wa nyumba ile, sina ruhusa ya kutoa wala kunyima. Nilitafuta kitu ambacho ni kweli tupu.

"Aliniambia nirudie," nikasema. "Pale kwenye simu. Nikarudia."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Machozi yakamtoka mwenyewe, akanikumbatia, akasema asante, asante, na mimi nikampapasa mgongo bila kuongeza neno. Nilichomwambia kilitokea. Nimekipima tangu siku hiyo, nikakigeuza huku na huku, na kila upande ni kweli. Ila nilipoinua macho, mwanawe Bibi alikuwa amesimama hatua chache, ameshika koti la mama yake, amesikia. Alinitazama kwa upole, yeye wa kibanda cha simu, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango na kumwambia, karibu ndani.